Ukungu wa nyuma kwa lenzi pana: 35mm f/1.8, 24mm f/1.4, zumu ya f/2.8 au Sigma 18-35?

Picha iliyonifungua macho kuhusu lenzi pana niliipigia ufuoni Dunga, hapa Kisumu, saa mbili asubuhi. Mama mmoja muuza samaki alikuwa ameketi kwenye stuli, beseni la ngege likiwa miguuni pake. Nyuma yake, kama mita moja tu, mafunjo yalisimama na vichwa vyao vya nyuzinyuzi. Nilikuwa na zumu pana (lenzi inayovutika), nimeifungua hadi mwisho wake wa f/2.8 (namba ya f ikiwa ndogo, tundu la lenzi limefunguka zaidi), na fokasi ilikaa machoni pake vizuri kabisa. Nilipomwonyesha picha kwenye skrini aliitazama kwa muda, kisha akaniuliza: "Nyathina (mwanangu), mbona huku nyuma yangu kunatetemeka?"

Aliona sawasawa. Kila unyuzi wa mafunjo ulikuwa umegeuka mistari miwili myembamba, na maelfu ya mistari hiyo yalikuwa yakigombania jicho na uso wake. Ukungu ulikuwepo, ila ulikuwa mbaya.

Vijana wanaoanza kazi hii wakiniuliza, "Kaka, lenzi gani inablari vizuri?" mara nyingi huwa wanauliza juu ya wingi: itafuta nyuma kiasi gani? Kwa lenzi ndefu ya 85mm hilo ni swali la haki, kwa sababu lenzi ile huyeyusha kila kitu kikawa rangi tupu. Lenzi pana haiyeyushi. Mtumbwi nyuma ya mtu unabaki mtumbwi, kibanda kinabaki kibanda, umati wa soko la Kibuye siku ya Jumapili unabaki umati. Ndiyo sababu tunaipenda: mtu anaonekana akiwa mahali pake. Lakini kwa kuwa nyuma bado inasomeka, namna ilivyofifia inaonekana kuliko kwa lenzi nyingine yoyote. Wajapani huita sifa hiyo boke, neno lao la ukungu. Wanaoandika Kiingereza waliongeza h mwishoni ili wasomaji wao wasilitamke vibaya. Sisi tunalisoma kama lilivyo.

Hapa nalinganisha aina nne ambazo wapiga picha wa Kisumu, Nakuru na Kakamega hujikuta wakizipima mkononi. Sina mshindi wa kumtangaza. Nina vigezo, na kila lenzi nitaipitisha kwenye vigezo hivyo hivyo.

Vigezo

Cha kwanza ni wingi. Gawanya urefu wa fokasi wa lenzi (zile mm zilizoandikwa juu yake, si urefu wa mwili wake) kwa namba ya f, utapata kipenyo cha tundu linalopitisha mwanga: 24 kwa 1.4 ni milimita 17.1. Namba hiyo ina faida kubwa. Taa iliyo mbali sana nyuma ya mtu hugeuka duara, na ukilipima duara hilo kando ya uso wake, upana wake ni sawa na upana wa tundu. Uso wa mtu mzima una upana wa milimita 140 hivi. Kwa 85mm f/1.8, yenye tundu la 47, taa moja ya mbali inachukua theluthi ya uso. Kwa 24mm f/1.4 ni sehemu moja ya nane. Kwa 16mm f/2.8 ni sehemu moja ya ishirini na tano, kitu kama punje ya hindi kando ya shavu.

Kitu cha nyuma kikiwa karibu, duara hupungua. Chukua umbali kutoka kwa mtu hadi kwenye kitu hicho, ugawanye kwa umbali kutoka kwenye kamera hadi kwenye kitu hicho, kisha zidisha kwa tundu. Hesabu hii ndogo imeniokolea pesa nyingi, na nitairudia.

Cha pili ni tabia ya duara lenyewe, na hapa ndipo lenzi mbili zenye namba sawa huachana. Duara zuri limejaa mwanga sawasawa, au kingo zake zinafifia polepole. Duara baya lina ukingo unaong'aa kama pete. Ukingo huo ndio uliozaa ile mistari miwili ya Dunga: unyasi mmoja, tawi moja, waya mmoja wa stima, vyote hugeuka viwili. Chanzo chake ni kasoro ya kale ya vioo vya mviringo, ambapo miale inayopita pembeni mwa kioo haikutani mahali pamoja na ile inayopita katikati. Mtengenezaji akiirekebisha kasoro hiyo kupita kiasi, ukungu wa nyuma hupata kingo kali huku ule wa mbele ukilainika. Akiiacha kidogo, inakuwa kinyume. Na kwa sababu maduara ya lenzi pana ni madogo, kingo zake zinabaki karibu karibu na jicho linaziona zote.

Kuna kasoro mbili ndogo za kuongeza hapo. Vioo visivyo vya mviringo kamili, ambavyo husaidia lenzi pana kuwa kali hadi pembeni, vinaweza kubeba alama ndogo mno za kalibu vilimofinyangwa. Alama hizo hutokea ndani ya duara kama pete za kitunguu kilichokatwa. Nyingine ni rangi: vitu vilivyo nyuma ya fokasi huvaa ukingo wa kijani, vya mbele zambarau. Kwenye shela jeupe la bibi harusi utaiona bila kuitafuta.

Cha tatu ni pembeni mwa fremu. Lenzi ikiwa wazi kabisa, mwili wake hukata mwanga unaoingia kwa upande, kwa hiyo maduara ya katikati ni mviringo na ya kona ni kama macho ya paka. Ukifunga tundu kidogo, tuseme kutoka f/1.4 hadi f/2, macho hayo hurudi kuwa mviringo, ila sasa umbo linatawaliwa na vibamba vya tundu, yaani vipande vyembamba vinavyolifunga. Vibamba saba huonyesha pembe saba mapema. Tisa au kumi na moja vilivyopindwa huchelewa kufanya hivyo.

Cha nne ni umbali unaolazimika kusimama. Pua haikuzwi na lenzi, inakuzwa na ukaribu. Lenzi pana inakukaribisha usogee, na chini ya mita moja uso huanza kubadilika.

Cha mwisho ni mzigo na bei. Bei ninazotaja ni za Marekani wakati lenzi ilipozinduliwa, kwa dola. Huku kwetu zitaongezeka ushuru na usafiri, au zitapungua kwa lenzi ya mkono wa pili, lakini zinakupa picha ya ipi ni ghali na ipi ni nafuu.

| Lenzi | Tundu (mm) | Uzito (g) |
|---|---|---|
| 35mm f/1.8 | 19.4 | 280 hadi 305 |
| 24mm f/1.4 | 17.1 | 445 hadi 665 |
| Zumu ya f/2.8 | 5.7 kwa 16mm, 10 kwa 28mm, 12.5 kwa 35mm | 420 hadi 790 |
| Sigma 18-35mm f/1.8 | 10 kwa 18mm, 19.4 kwa 35mm | 810 |

35mm f/1.8 kwa sensa kamili

Sensa kamili ni ile yenye ukubwa wa fremu ya filamu ya 35mm. Mifano niliyo nayo akilini ni Sony FE 35mm f/1.8 ya 2019 na Canon RF 35mm f/1.8 Macro ya 2018.

*Wingi.* Watu hushangaa kuona kwamba lenzi hii ya bei ya chini ina tundu kubwa kuliko 24mm f/1.4. Mtu akisimama Hippo Point jioni, ziwa lote likiwa nyuma yake, 35mm hii ndiyo inayofifisha zaidi. Canon inakwenda mbali zaidi kwa vitu vidogo: inashika fokasi kwa sentimita 17 na kukuza hadi nusu ya ukubwa halisi, kwa hiyo pete za ndoa juu ya kitambaa zinaelea kwenye ukungu mzito usioutegemea kwa lenzi pana.

*Tabia.* Zote mbili zina vibamba tisa. Maduara ya katikati ni mazuri na matulivu. Kasoro ninayoijali ni rangi: zikiwa wazi kabisa, ule ukingo wa kijani na zambarau hujitokeza kwenye vitu vyeupe na vya chuma. Kwa f/2.5 hupungua sana, ila na ukungu nao unapungua.

*Pembeni.* Macho ya paka yapo, kwa kiasi. Pembe ya kuona ni digrii 63 tu, kwa hiyo kona haziko mbali na katikati kama za 24mm.

*Umbali.* Mtu kutoka kiunoni hadi kichwani unampiga ukiwa kama mita moja na nusu hadi mbili. Uso unabaki wa kwake. Kwa picha za familia hili lina uzito kuliko kigezo kingine chochote, kwa maoni yangu, kwa sababu mteja anaangalia pua yake kabla ya kuangalia ukungu.

*Mzigo na bei.* Gramu 280 kwa Sony, 305 kwa Canon. Dola 750 hivi kwa ya kwanza, 500 kwa ya pili.

*Inamfaa* mwenye lenzi moja tu mfukoni: harusi ndogo, picha za watu mitaani Nakuru, mwandishi anayehoji watu. Haimfai anayefanya kazi ndani ya vyumba vidogo, kwa sababu mgongo utagonga ukuta kabla fremu haijatosha.

24mm f/1.4

Hapa kuna Sony FE 24mm f/1.4 GM ya 2018 na Sigma 24mm f/1.4 Art ya 2015.

*Wingi.* Sasa irudie ile hesabu. Tuseme unataka mtu yule yule kwa ukubwa ule ule kwenye fremu. Kwa 35mm unasimama mita 2, kwa 24mm unasogea hadi mita 1.37. Ukuta wa michongoma uko mita moja nyuma yake. Kwa 35mm f/1.8, ukungu wa ukuta huo ni milimita 6.5. Kwa 24mm f/1.4 ni 7.2. Mambo yamegeuka! Nyuma ikiwa mbali 35mm inaongoza. Nyuma ikiwa karibu, 24mm inaipita, kwa sababu umesogea. Kwa hiyo uani, ndani ya kibanda, kwenye korido au ndani ya matatu, mahali ambapo nyuma haiwezi kuwa mbali, 24mm f/1.4 inafanya kazi ambayo lenzi nyingine pana haziiwezi. Ukitaka kujua kama unaihitaji, jiulize ni mara ngapi unapiga picha mahali pa namna hiyo.

*Tabia.* Hapa pesa inaonekana. Sony ile ina vibamba 11, na vioo vyake visivyo vya mviringo vilitengenezwa kwa uangalifu hasa ili pete za kitunguu zipungue. Maduara yake yamejaa vizuri. Sigma ina vibamba tisa na ni kali sana kwenye fokasi, lakini ukungu wake una kingo zaidi, hasa kwenye majani na matawi. Nyuma ikiwa taa chache au ukuta hutaona tofauti. Nyuma ikiwa kichaka utaiona.

*Pembeni.* Mtihani mgumu kuliko yote niliowahi kuipa lenzi ni msitu wa Kakamega wakati wa mchana. Mwanga unapenya kati ya majani kwa vitundu mia, na kila kitundu ni taa. Kwa 24mm iliyo wazi kabisa, maduara ya katikati yanakaa mviringo, halafu kadiri unavyoelekea kona yanabanwa na kulala yakiizunguka katikati, hadi picha nzima inaonekana kama inamzunguka mtu. Wapo wanaoupenda mzunguko huo. Mimi hufunga hadi f/2, ninabaki na tundu la milimita 12, na maduara yanatulia.

*Umbali.* Ni lenzi ya kusogea, na kusogea kuna gharama yake. Mweke mtu katikati, usimweke kona: pembe ya digrii 84 humvuta kichwa aliye pembeni kikarefuka. Kwa uso peke yake siishauri.

*Mzigo na bei.* Sony ni gramu 445, wepesi wa kushangaza kwa lenzi ya namna hii; Sigma ni 665. Dola 1,400 na 849.

*Inamfaa* anayepiga ndani ya nyumba na usiku: mpiga harusi anayeingia chumbani bibi harusi akivalishwa, anayepiga bendi kwenye ukumbi wenye taa hafifu, na anayetaka kupiga nyota juu ya kreta ya Menengai bila kununua lenzi ya pili.

Zumu pana ya f/2.8

Canon EF 16-35mm f/2.8L, toleo la II la 2007 au la III la 2016, na Tamron 17-28mm f/2.8 ya kamera za Sony iliyotoka 2019.

*Wingi.* Mdogo kuliko wote hapa, na namba zimeshasema. Kwa 16mm ukungu unaonekana tu ukikaribia mno: ua, mkono wenye punje za kahawa, uso wa samaki. Kwa 35mm tundu la 12.5 linakupa ukungu wa wastani.

*Tabia.* Zumu ina vioo vingi na inapaswa kufanya kazi kwa urefu mwingi, kwa hiyo ulaini wa ukungu ndio hutolewa sadaka mara nyingi. Vitu vinavyojirudia vyembamba ndivyo adui wake: mafunjo, nyasi, waya za uzio, mistari ya majani chai kule Kericho. Nyuma ikiwa na maumbo makubwa, kama mlango wa duka au ubavu wa mtumbwi au kilima, haikusumbui hata kidogo. Toleo la II la Canon lina vibamba saba, la III lina tisa. Tofauti hiyo inaonekana kwenye taa ukifunga hadi f/4.

*Pembeni.* Kwa 16mm maduara ni madogo hata umbo lake halina habari. Kwa 28mm na 35mm macho ya paka yapo ila hayapigi kelele.

*Umbali.* Hapa zumu ina heshima yake. Kwenye ayie (sherehe ya mahari ya Waluo) au mazishi, ambapo huwezi kumwomba mzee asogee na huwezi kupita mbele ya watu, kugeuza pete ya zumu ndiyo adabu pekee uliyonayo.

*Mzigo na bei.* Tamron ni gramu 420 na dola 900. Canon ya III ni gramu 790 na dola 2,200.

*Inamfaa* mwenye kazi ya kuhakikisha picha imepatikana: habari, mikutano ya hadhara, nyumba za wageni, mandhari ya ziwa Nakuru. Kwake ukungu ni nyongeza tu.

Sigma 18-35mm f/1.8 kwa sensa ndogo

Ilizinduliwa 2013, na wakati ule hapakuwa na zumu nyingine ya DSLR (kamera yenye kioo cha kuakisi ndani) iliyofika f/1.8 mfululizo. Bado naikuta kwenye kamera nyingi za Canon na Nikon zenye sensa ndogo (APS-C, ndogo kuliko sensa kamili), hasa kwa wanaopiga video.

*Wingi.* Kwa 35mm tundu ni 19.4, sawa kabisa na lenzi ya kwanza kwenye ulinganisho huu. Lakini sensa ndogo ya Canon hukata fremu mara 1.6, kwa hiyo unaona kama 56mm: si lenzi pana tena. Ukitaka upana halisi unakwenda 18mm, sawa na 29mm kwa mwonekano, na hapo tundu ni 10 tu. Kwa hiyo mahali inapokuwa pana, ukungu wake ni wa zumu ya f/2.8 kwenye sensa kamili, tena ile Tamron kwa 28mm. Anayeambiwa "f/1.8 ni f/1.8" anadanganywa kwa upande wa ukungu, ingawa kwa upande wa mwanga anaambiwa ukweli.

*Tabia.* Nzuri kwa zumu. Vibamba tisa, ukungu uliojaa, pete za kitunguu kidogo kwenye taa kali.

*Pembeni.* Macho ya paka ya kawaida.

*Umbali.* Inashika fokasi kwa sentimita 28 kwa urefu wote, na haiongezeki urefu ukivuta.

*Mzigo na bei.* Gramu 810. Shingo itakuambia saa nane mchana. Ilianza kwa dola 799, na ya mkono wa pili ina nafuu kubwa. Otofokasi yake kwenye DSLR ijaribu na bodi ya kamera yako mwenyewe kabla ya kulipa. Sigma wana kifaa cha USB Dock cha kuirekebisha.

*Inamfaa* ambaye tayari ana kamera ya sensa ndogo na hana mpango wa kuibadilisha karibuni.

Jua letu

Karibu na ikweta, jua la saa sita kwa ISO 100 (kiwango cha chini cha wepesi wa sensa kuhisi mwanga) na f/16 linataka spidi ya shata ya 1/100 hivi. Fungua hadi f/2.8, unahitaji 1/3200. Kwa f/1.8 ni karibu 1/8000. Kwa f/1.4 ni 1/12,800, na kamera nyingi hukoma kwenye 1/8000 au 1/4000. Kwa hiyo ukinunua 24mm f/1.4 nunua na kichujio cha ND8, kinachopunguza mwanga mara nane, la sivyo mchana utaifunga na umelipia tundu usilolitumia.

Jingine ambalo watu hulaumu lenzi bure: kamera nyingi zisizo na kioo cha ndani (mirrorless) huanza kupiga kwa shata ya kielektroniki na kumaliza kwa ya chuma. Kwa spidi kubwa na tundu lililo wazi, mpangilio huo hukata maduara upande mmoja, yakawa kama mwezi uliomegwa. Ingia kwenye menyu, uizime, tumia shata ya chuma tupu. Tatizo linaisha hapo hapo.

Kabla ya kulipa lenzi ya mkono wa pili

Beba karatasi ya aluminiamu ya jikoni. Ikunjekunje, iweke kwenye kona yenye giza ya duka, imulike kwa tochi ya simu. Weka fokasi kwa mkono kwenye kitu kilicho karibu, tuseme nusu mita, halafu piga ile karatasi ikiwa kwenye ukungu, mara moja ikiwa katikati ya fremu na mara moja kwenye kona. Kuza picha. Utaona kila kitu kwa dakika moja: ukingo unaong'aa, pete za kitunguu, macho ya paka, hata vumbi na nyuzi za kuvu ndani ya vioo, ambazo hutokea ndani ya duara kama mizizi midogo. Hewa ya ziwa ina unyevu, na lenzi iliyokaa kabatini mwaka mzima huota kuvu.

Na simu je?

Ukungu wa simu huchorwa na programu baada ya picha kupigwa. Kwenye uso uliosimama mbele ya ukuta inatosha. Kwenye nywele za kusukwa, mafunjo, miwani au tawi linalopita mbele ya bega, programu hukosea mahali pa kukata, na kosa hilo huonekana likichapishwa kubwa.

Kulingana na hali yako

Kama unapiga watu nje, nyuma ikiwa ziwa, uwanja au barabara ndefu, anza na 35mm f/1.8. Utapata ukungu mwingi kuliko 24mm ghali, nyuso zitabaki za wenyewe, na pesa iliyobaki nunua flashi.

Kama kazi yako ni ndani ya vyumba na nyuma iko karibu siku zote, 24mm f/1.4 ndiyo itakayokulipa. Ukipiga mbele ya majani na matawi mara nyingi, jikaze ufikie yenye maduara matulivu. Ukipiga kwenye kumbi na vyumba, ile ya bei nafuu haitakuangusha.

Kama unahudumia habari na sherehe ambazo hazikusubiri, chukua zumu bila kuona haya, na ukipata nafasi chagua toleo lenye vibamba tisa.

Kama una DSLR ya sensa ndogo, 18-35 itakupa ukungu mzuri kwenye upande wa 35 na upana kwenye upande wa 18, lakini si vyote viwili kwa wakati mmoja. Kabla ya kuibadilisha, hesabu gharama ya bodi mpya pia.

Na kama huna pesa ya lenzi mwaka huu, isogeze stuli. Kwa zumu ya f/2.8 kwenye 28mm, ukiwa mita 1.6 kutoka kwa mtu na mafunjo mita moja nyuma yake, ukungu ni milimita 3.8. Mtoe kwenye mafunjo hadi yawe mita nne nyuma yake, ukungu unafika 7.1, karibu sawa kabisa na ule wa 24mm f/1.4 kwenye ukuta wa michongoma. Hilo ndilo nililomwomba mama wa Dunga asubuhi ile. Alibeba beseni, mimi nikabeba stuli, tukasogea hatua chache kuelekea kwenye mitumbwi. Lenzi ilikuwa ile ile na vibamba vyake ni vile vile, lakini sasa nyuzi za mafunjo zilikuwa zimefifia zikaungana, zikawa kama moshi wa kijani nyuma ya kitambaa chake cha kichwani. Aliitazama ile ya pili, akaigusa skrini kwa kidole chenye magamba ya samaki, akasema: "Hii ndiyo unitolee."